Habari mbili, siku mbili: kuwaeleza wazazi wa Kichina kuwa unampenda mtu wa jinsia yako

Makala hii ni ya mtu aliyezaliwa katika familia ya Kichina inayoshika mila, iwe Chengdu, Guangzhou, Taipei, Penang au Toronto, ambaye ana mpenzi wa jinsia yake na amechoka kumwita "mwenzangu wa chumba" kila mama anapopiga simu. Itamfaa pia mpenzi mwenyewe, hasa akiwa mtu wa huku kwetu aliyekutana na mwenzake chuoni au kazini ughaibuni, na haelewi kwa nini neno la dakika moja linachukua miaka mitatu kusemwa. Tutakwenda polepole.

Tuanze na maneno. Wachina hukiita kitendo hiki chugui, yaani kutoka kabatini. Vijana wapendao jinsia yao hujiita tongzhi, neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya "komredi", na wanawake wapendao wanawake hujiita lala. Usiyatumie mbele ya baba wa miaka 65. Kwake tongzhi bado ni mwenzake wa kiwandani, nawe utajikuta unafundisha msamiati siku uliyokusudia kufungua moyo. Neno wanalolijua wazee wengi ni tongxinglian, mapenzi ya jinsia moja. Ni neno kavu, linanuka gazeti na hospitali, lakini halina utata, na siku hiyo utata ndio adui yako.

Kwa nini jambo lenyewe ni zito hivi? Kwa sababu katika familia ya namna hii ndoa si mali ya wawili wanaooana peke yao. Kuna xiao, deni la mtoto kwa wazazi na wahenga wake. Tangu mafundisho ya Mencius, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kukosa kizazi cha kuendeleza ukoo kumehesabiwa kuwa kosa kubwa kuliko yote katika deni hilo. Kuna mianzi, uso wa familia mbele ya watu. Sisi tungesema heshima ya nyumba. Kisha ikaja sera ya mtoto mmoja, iliyodumu kuanzia mwaka 1980 hadi mwisho wa 2015, na familia nyingi za mijini zikabaki na mwana mmoja tu anayetazamwa na wazazi wawili na bibi na babu wanne. Ukipita Jumamosi au Jumapili katika bustani ya People's Park, Shanghai, utawakuta wazazi wamepanga karatasi zenye umri, urefu, elimu na mshahara wa watoto wao, wakiwatafutia wachumba. Wengi wa watoto hao wako ofisini au nyumbani wakati huo. Wazazi ndio waliotoka.

Kwa hiyo usijione mwoga. Uchunguzi uliotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa mwaka 2016 kuhusu China ulionyesha kuwa waliothubutu kuwaambia watu wa familia zao hawakuzidi asilimia 15.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko mengine yote, nalo linamhusu zaidi aliye katika mapenzi. Ukipenda unakuwa na haraka. Unataka Sikukuu ya Mwaka Mpya ijayo muende nyumbani wawili, unataka picha yenu ikae ukutani, unaona kumficha mwenzako ni kumdhalilisha. Basi unasafiri, unakaa mezani, na kwa pumzi moja unasema: mimi niko hivi, na huyu ndiye ninayempenda. Hapo umetoa habari mbili. Mzazi aliyeshtuka hawezi kuzitenganisha, naye atafanya kitu rahisi kabisa: ataichukua ya pili iwe ndiyo sababu ya ile ya kwanza. "Mwanangu alikuwa mzima, huyu ndiye aliyemharibu." Kuanzia siku hiyo mpenzi wako ana kesi asiyoijua, na kila atakachofanya, hata akileta chai bora ya Fujian, kitaonekana cha mwizi aliyerudi kuomba radhi.

Zitenganishe. Siku ya kwanza zungumza juu yako peke yako: tangu lini unajijua, kwamba hakuna aliyekufundisha, kwamba ulijaribu kubadilika ukashindwa kama kweli ulijaribu. Wakikuuliza "Je, kuna mtu?", usidanganye, kwa maana uongo wa siku hiyo utakuja kugharimu. Jibu: "Yupo, lakini nilikuwa hivi kabla sijamjua, naye nitawaeleza siku nyingine." Siku nyingine inaweza kuwa baada ya miezi sita. Najua miezi sita ni mingi kwa mtu anayesubiri mlangoni. Mweleze mwenzako mapema kwa nini unafanya hivyo, aelewe kwamba unamkinga.

Kabla ya siku yenyewe, angalia mfuko. Nani analipa kodi ya nyumba unayokaa? Nani analipa ada? Je, nyumba mliyonunua ilipata malipo ya awali kutoka kwa wazazi, kama ilivyo kwa vijana wengi wa mijini China? Ikiwa bado unawategemea kwa chakula na malazi, mimi ningekushauri usubiri. Jiwekee akiba ya kodi ya miezi mitatu, na uwe na rafiki aliyekubali kwa kinywa chake kwamba unaweza kulala kwake usiku wowote. Hakikisha kitambulisho, pasipoti na vyeti vya shule viko mikononi mwako. Nakala ya kurasa za hukou, daftari la serikali linaloorodhesha watu wa nyumba moja, ipige picha uitunze, kwa sababu daftari lenyewe kwa kawaida liko kwenye droo ya baba. Ukienda kuzungumza katika mji wa wazazi, kata tiketi ya treni ya kurudi kabla hujaondoka, na ujue hoteli ndogo iliyo karibu. Yuan 200 hivi kwa usiku zitakutosha katika miji mingi. Huenda usiihitaji. Lakini mtu mwenye pa kwenda huzungumza kwa sauti ya utulivu.

Usichague Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Najua ndipo wote mnapokuwa pamoja, na ndipo shangazi wanapouliza "Utaoa lini?" mpaka mtu anatamani kupasuka. Lakini siku hizo nyumba imejaa, pombe ipo, na mama akilia atalazimika kuwaeleza wageni kinachomliza. Utakuwa umemvua uso mbele ya ukoo mzima. Chagua wiki ya kawaida, jioni, baada ya chakula. Wachina wengi wana desturi ya kutembea kidogo wakishakula. Tembea na mzazi. Mnapotembea bega kwa bega hamlazimiki kutazamana, na kimya kinavumilika.

Uanze na nani? Wengi huanza na mama, na mara nyingi ni sawa, ila usimwambie halafu umwachie kazi ya kumficha baba. Utakuwa umetoka kabatini ukamwingiza yeye. Kama unaona baba atahitaji muda, mwambie mama waziwazi: "Baba nitamweleza mwenyewe, kabla ya mwezi fulani." Ukiwa na dada, kaka au binamu wa kuaminika, mtangulize, maana wazazi wakishtuka watatafuta mtu wa kuuliza, na heri wamkute anayejua tayari. Bibi na babu wa miaka 85 wanaweza kusubiri, na familia nyingi huamua kutowaambia kabisa. Sioni ubaya wowote hapo.

Barua pia inafaa, na katika nyumba hizi wakati mwingine inafaa kuliko mdomo. Familia nyingi za Kichina hazina mazoea ya kutamkiana "nakupenda". Upendo hupitia tunda lililomenywa na kukatwa vipande, sweta linalotumwa kwa posta, swali la "umekula?". Barua ya mkono, kurasa mbili, mzazi anaweza kuisoma peke yake, akaiweka, akairudia usiku. Iandike kwa lugha yao, kama ni Kikantoni au Kihokkien mnachozungumza nyumbani basi isikike hivyo, na usiitie nadharia za chuo. Ujumbe wa simu usiutumie: unaweza kusomwa katikati ya foleni sokoni.

Watakachosema kwanza kina sura nyingi, lakini chini yake huwa na maswali matatu: Tulikosea wapi? Watu tutawaambia nini? Nani atakutunza ukizeeka? Jiandae kwa yote matatu, na la tatu ulijibu kwa vitendo.

Kwa la kwanza, wengi watauliza kama ni ugonjwa. Jibu ni hapana, na una pa kushikia. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. China yenyewe ilifuta mwaka 1997 kosa la "uhuni" lililokuwa likitumika kuwaadhibu watu hawa, na mwaka 2001 mwongozo wake wa magonjwa ya akili ukaacha kuyaita mapenzi hayo yenyewe kuwa ugonjwa. Kwa mzazi aliyekulia katika kuheshimu waraka wa serikali, hilo la 2001 lina uzito kuliko hotuba yako yote. Akisisitiza uende "ukatibiwe", usikubali hata kwa kumridhisha. Desemba 2014 mahakama ya Haidian, Beijing, iliiamuru kliniki moja iliyomtia mteja shoti ya umeme ili "kumponya" imlipe yuan 3,500. Mwaka 2017 mahakama ya Zhumadian, mkoani Henan, iliiamuru hospitali ya akili imwombe radhi hadharani na kumlipa yuan 5,000 mwanamume aliyefungiwa humo siku 19 baada ya kupelekwa na mkewe na ndugu zake. Fidia ni ndogo mno kwa mateso yale. Ila hukumu zipo, na Sheria ya Afya ya Akili ya China iliyoanza kutumika Mei 2013 inaweka hiari ya mgonjwa kuwa msingi wa kulazwa.

Swali la pili, la watu, mara nyingi huja na ombi: "Basi oa tu, hata kwa jina." Ndiyo xinghun, ndoa ya sura, ambapo mwanamume apendaye wanaume na mwanamke apendaye wanawake hukubaliana kuoana ili wazazi wa pande zote wapumue. Ang Lee alitengeneza filamu juu ya harusi ya bandia mwaka 1993, The Wedding Banquet, na watu walicheka sana. Maishani sheria haicheki: ofisi ya serikali ikishaiandikisha, ndoa ya sura ni ndoa kamili. Madeni, urithi na sahihi za hospitali vinamfuata mwenza wa karatasi, na mpenzi wako anabaki mgeni. Kutoka nako si rahisi, kwa kuwa tangu Januari 2021 wanaotalikiana kwa hiari lazima wasubiri siku 30 baada ya kuomba, na mmoja akibadili nia katika siku hizo ombi linafutika. Halafu wazazi wakishapata harusi huanza kudai mjukuu. Na kumwoa mwanamke asiyejua kitu ni dhuluma, nalisema bila kulainisha. China kuna jina la wanawake hao, tongqi, na maisha ya wengi wao ni ya upweke ambao hawaelewi umetoka wapi.

Badala yake wape wazazi maneno wanayoweza kuyatumia. Mama hajui amwambie nini shangazi. Mwambie, "Sema kazi zangu ni nyingi na kwamba una amani nami." Si lazima ukoo wote ujue ili nyumba yenu iwe na ukweli.

Tufike kwa uzee, ambako pana kazi ya kufanya. China bara haina ndoa ya jinsia moja. Lakini kifungu cha 33 cha Sheria ya Kiraia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, kinamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kumchagua mapema, kwa maandishi, mtu atakayekuwa mlezi wake siku atakapopoteza uwezo wa kuamua. Huitwa yiding jianhu, ulezi wa makubaliano, na mlezi si lazima awe ndugu. Wapenzi wengi wanautumia. Nendeni wote wawili katika ofisi ya mthibitishaji nyaraka, gongzhengchu, mkiwa na vitambulisho. Piga simu kwanza uulize kama wanashughulikia ulezi wa makubaliano, nyaraka wanazotaka na ada yao, maana ofisi hazilingani. Siku hiyohiyo ulizia wosia. Sheria inaruhusu kumwachia mali asiye ndugu, ila aliyeachiwa ana siku 60 tangu kujua kuwa ametajwa kutamka kwamba anapokea. Akikaa kimya, huhesabiwa amekataa. Watu wamepoteza nyumba kwa kutojua hizo siku 60, basi mwenzako azijue.

Wenye nafasi nyingine watazame Taiwan, iliyoruhusu ndoa ya jinsia moja tarehe 24 Mei 2019, ya kwanza Asia. Kuna pia wapenzi wa Kichina waliofunga ndoa kwa video kupitia wilaya ya Utah County huko Marekani, kwa gharama ya takribani dola 100. Cheti hicho China hakitambuliwi, na usimwahidi mama kwamba kitatambuliwa. Wanaokichukua hukichukua kwa ajili yao wenyewe.

Ukimwonyesha mama karatasi ya ulezi na kumwambia "Nikiugua, huyu ndiye atakayesaini, naye amekubali mbele ya ofisa", umemjibu kwa lugha anayoielewa. Hofu yake kubwa ni wewe kufa peke yako.

Mpenzi aje nyumbani lini, na aje vipi? Mwandishi wa Hong Kong Chou Wah-shan aliandika juu ya njia ambayo Wachina wengi huifuata bila kuipa jina: kurudi nyumbani. Mpenzi anakuja kama rafiki, anakula, anarudi tena, mpaka kiti chake mezani kinakuwa chake kabla ya jina lake kutamkwa. Wapo wanaoipinga kwa kuwa inakuacha nusu gizani, nami nawaelewa. Kwa aliyekwisha kusema habari ya kwanza, hata hivyo, ndiyo njia nzuri ya kuifikia ya pili.

Basi nikuelekeze wewe unayekwenda. Wazazi wa mwenzako waite shushu, baba mdogo, na ayi, mama mdogo. Usithubutu kuwaita kwa majina. Vua viatu mlangoni. Peleka matunda na chai nzuri, kwa mikono miwili. Usipeleke saa ya ukutani, kwa maana kutoa saa hutamkwa sawa na kumzika mtu, wala mapeasi, ambayo jina lake linafanana na neno la kutengana. Ukitoa bahasha nyekundu kwa wazee, kiasi kiwe shufwa na kisiwe na 4, namba inayosikika kama kifo. Yuan 600 ni heshima tosha. Kula unachowekewa bakulini, kisha simama uoshe vyombo. Watakuzuia. Osha tu. Usimshike mwenzako mkono mbele yao siku hiyo.

Na kama wewe ni Mkenya au Mtanzania, kumbuka kwamba kwenu sheria bado inaadhibu uhusiano huu kwa kifungo kirefu. Picha inayowekwa kwa furaha katika kundi la familia la WeChat inaweza kufika usikotaka. Kubalianeni kabla ya kupigwa picha, hata na mama mkwe aliyefurahi.

Wazazi nao wanahitaji wenzao. Mama wa Guangzhou aitwaye Wu Youjian alikaa na mwanawe mbele ya kamera za televisheni mwaka 2005, na mwaka 2008 akashiriki kuanzisha kundi la wazazi wa watoto kama hawa. Siku hizi nafasi ya makundi imebana China bara. Kituo cha LGBT cha Beijing kilifungwa Mei 2023. Kwa hiyo tafuta kwa njia ya mtu na mtu: rafiki yako ambaye mama yake amekubali, aombe mama huyo ampigie wako. Mama mmoja wa rika lake, mwenye lafudhi ya kwao, atafanya kwa saa moja usiloweza wewe kwa mwaka. Taiwan kuna shirika la Tongzhi Hotline, lililoanzishwa 1998, linalozungumza na wazazi. Kwa walio Amerika Kaskazini kuna PFLAG, ya tangu 1973.

Mambo yakiharibika, usibaki ukitumaini. Ukipigwa, kufungiwa au kunyang'anywa simu, polisi ni 110. Sheria ya kuzuia ukatili wa nyumbani, iliyoanza Machi 2016, inamlinda hata mtoto mzima dhidi ya wazazi wake: amri ya ulinzi huombwa mahakamani bila ada, na mahakama inatakiwa kuamua ndani ya saa 72, au 24 kukiwa na dharura. Ukizidiwa moyoni, namba ya taifa ya msaada wa kisaikolojia ni 12356.

Mara nyingi, hata hivyo, hakuna kipigo. Kuna kimya. Baba anaacha kupokea simu, mama anajibu neno moja moja. Wewe endelea kupiga siku ileile ya wiki, saa ileile. Ongea habari za hali ya hewa, magoti yake, bei ya nguruwe. Usiulize "Mmekubali?" Ulihitaji miaka mingapi wewe mwenyewe kujikubali? Wape hata nusu yake.

Dalili ya kwanza haitakuja kama tamko. Mama atauliza, akijifanya anatafuta kitu jikoni, kama yule mwenzako anakula pilipili. Usimkumbatie kwa kelele, usilie, usianze hotuba. Mjibu alichouliza: anakula kidogo tu, na karela haigusi.